Tuzo Iliyosubiri Miaka Mia Moja

Tarehe 27 Novemba 1895, katika Klabu ya Waswidi na Wanorway jijini Paris, Alfred Nobel alitia saini wosia aliouandika kwa mkono wake mwenyewe, bila mwanasheria, mbele ya mashahidi wanne. Sehemu kubwa ya utajiri wake, uliotokana na dinamiti, aliuacha uwe mfuko wa kuwatuza watu kila mwaka katika nyanja tano: fizikia, kemia, fiziolojia au tiba, fasihi na amani. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Desemba 1896, akafariki dunia. Wosia ulipotangazwa, wanahisabati walitafuta jina la fani yao wasilione.

Uvumi ukazuka, na bado unasimuliwa: ati Nobel aliiruka hisabati kwa sababu mkewe alichukuliwa na mwanahisabati wa Stockholm, Gösta Mittag-Leffler. Ni hadithi tamu, ila Nobel hakuoa maisha yake yote. Mwenyewe hakuacha maelezo, lakini maneno ya wosia yanadokeza kitu. Alikuwa mkemia na mwenye viwanda, na alitaka watuzwe wale walioletea binadamu manufaa makubwa kupita wengine katika mwaka uliotangulia. Hisabati haiendi kwa mwendo huo. Nadharia inaweza kukaa vitabuni miaka mia kabla hajatokea fundi wa kuihitaji.

Kwa hiyo Nobel, ambayo Afrika Mashariki tunaijua vizuri kwa Wangari Maathai aliyepata ya amani mwaka 2004 na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata ya fasihi mwaka 2021, ilizaliwa ikiwa na pengo. Historia ya kuliziba pengo hilo ni ndefu. Ina mfalme, muungano uliovunjika, vita viwili vya dunia na mkurugenzi wa kampuni ya simu. Na katikati yake yupo kijana wa Norway aliyekufa akiwa na miaka 26, bila kazi ya kudumu.

Lie aandika barua

Wa kwanza kuchukua hatua alikuwa Sophus Lie, mwana wa mchungaji, aliyezaliwa Norway mwaka 1842. Lie alikuwa mtu wa mwili mkubwa, mpenda kutembea milimani, na hakuwa mgeni wa misukosuko. Mwaka 1870, Ufaransa ilipokuwa vitani na Prussia, alianza safari ya miguu kuelekea Italia, akakamatwa karibu na Fontainebleau. Askari waliona daftari zake zimejaa alama wasizozielewa, wakaamini ni siri za kijasusi za Wajerumani. Alikaa gerezani mwezi mmoja hivi, mpaka mwanahisabati Gaston Darboux alipofika kumtetea.

Baadaye Lie alifundisha Leipzig kwa miaka kumi na miwili, akarudi nyumbani mwaka 1898 akiwa mgonjwa. Alipoona kwamba tuzo za Nobel hazitakuwa na hisabati, alianza kuwaandikia wenzake wa Ulaya kuhusu mfuko wa kimataifa, utakaotoa tuzo ya hisabati kila baada ya miaka mitano kwa jina la kijana yule, Niels Henrik Abel. Majibu yaliyorudi yalimtia moyo sana. Lakini tarehe 18 Februari 1899 Lie akafariki. Ahadi zote alikuwa amepewa yeye binafsi, kwa urafiki na heshima aliyokuwa nayo, na hapakuwa na taasisi ya kuzipokea. Zikafa naye.

Jina la Abel hakulichagua kwa sababu ya uzalendo tu. Lie na mwenzake Ludwig Sylow walikuwa wametumia miaka minane kuhariri upya maandishi yote ya Abel, kazi iliyotoka mwaka 1881. Walijua kwa undani yule kijana aliacha nini, na wakati wa uhai wake alipata nini.

Kijana wa Gjerstad

Niels Henrik Abel alizaliwa tarehe 5 Agosti 1802, akakulia Gjerstad, kusini mwa Norway, ambako baba yake alikuwa mchungaji. Baba huyo aliingia bungeni, akajiharibia jina kwa kuwatuhumu wenzake bila ushahidi, akaangukia kwenye ulevi, akafa mwaka 1820. Aliacha mjane, watoto na umaskini. Niels Henrik, aliyekuwa na miaka 17, akabaki tegemeo la wadogo zake.

Bahati yake ilitokana na msiba wa mwingine. Katika shule yake mjini Christiania, ambao leo ni Oslo, mwalimu wa hisabati alimpiga mwanafunzi, na mwanafunzi huyo akafa baadaye. Mwalimu akaondolewa, na mwaka 1818 nafasi yake ikachukuliwa na Bernt Michael Holmboe, kijana aliyemzidi Abel kwa miaka saba tu. Holmboe aliwapa wanafunzi maswali ya kufanya wenyewe badala ya kukariri, na haikuchukua muda akatambua kwamba mmoja wao hakuwa wa kawaida. Akamwazima vitabu vya Euler, Newton na Lagrange, kisha wakawa wanasoma pamoja.

Abel alipoingia chuo kikuu mwaka 1821, maprofesa walichangishana mifukoni mwao ili ale na alale. Alikuwa mcheshi, mpenda tamthilia, na hisabati aliifanya mpaka katika salamu. Barua moja aliyompelekea Holmboe kutoka Copenhagen hakuiandikia tarehe. Aliandika kipeuo cha tatu cha 6064321219, na kumwachia mwalimu wake akokotoe. Jibu ni 1823 na desimali, na desimali hizo zikigeuzwa siku zinaangukia mapema mwezi Agosti.

Tatizo lililomvutia lilikuwa kongwe. Milinganyo ya kipeo cha pili ilitatuliwa tangu zama za kale. Ya kipeo cha tatu na cha nne ilipatiwa kanuni na Waitalia wa karne ya 16, na Girolamo Cardano akazichapisha mwaka 1545. Ya kipeo cha tano iliwashinda wote waliofuata. Abel, akiwa bado shuleni, alidhani ameipata kanuni yake. Profesa Ferdinand Degen wa Copenhagen akamwomba mfano wenye namba, na katika kuutafuta Abel akagundua kosa lake mwenyewe. Hapo akageuza swali: je, ikiwa kanuni hiyo haipo kabisa? Mwitaliano Paolo Ruffini alikuwa amedai hivyo mwaka 1799, lakini hoja yake ilikuwa na pengo. Mwaka 1824 Abel akathibitisha kwamba hakuna kanuni ya jumla ya kutatua mlinganyo wa kipeo cha tano kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo.

Gharama za kuchapa alizilipa mwenyewe. Ili kupunguza bei, aliubana uthibitisho mzima katika kurasa sita, ukawa mgumu kueleweka hata kwa mabingwa. Nakala moja ilipelekwa kwa Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati mkuu wa zama zile. Inasimuliwa kwamba Gauss alipofariki mwaka 1855, kijitabu kile kilikutwa kati ya karatasi zake, kurasa zake hazijawahi kukatwa.

Paris na Berlin

Mwaka 1825 serikali ilimpa Abel fedha za kusafiri. Huko Berlin alikutana na August Leopold Crelle, mhandisi wa serikali aliyeipenda hisabati kuliko uwezo wake wa kuifanya. Crelle alikuwa na jambo ambalo mabingwa wengi hawakuwa nalo: alimsikiliza mtu asiye na jina. Alipoanzisha jarida la hisabati mwaka 1826, juzuu ya kwanza ilibeba makala saba za Abel. Jarida hilo lingalipo mpaka leo.

Kutoka Berlin, kijana akafika Paris, mji mkuu wa hisabati duniani wakati ule. Tarehe 30 Oktoba 1826 aliwasilisha kwa Akademia ya Sayansi maandiko marefu yaliyobeba nadharia aliyoiona kuwa bora kuliko zote alizowahi kuandika. Waamuzi walioteuliwa walikuwa Adrien-Marie Legendre, mzee wa miaka 74, na Augustin-Louis Cauchy. Legendre baadaye alijitetea kwamba mwandiko ulikuwa hafifu, hausomeki. Cauchy, aliyekuwa anazama katika kazi zake mwenyewe, aliyachukua maandiko nyumbani na kuyaweka kando. Abel alisubiri mpaka Desemba. Fedha zikaisha, afya ikaanza kuyumba kwa kifua kikuu, akaondoka bila jibu.

Alirudi Norway Mei 1827 akiwa na madeni. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, lakini Abel alicheza kwao wakati zawadi imekwisha kugawiwa. Nafasi pekee ya hisabati iliyokuwa wazi chuo kikuu ilijazwa alipokuwa ughaibuni, na aliyepewa ni Holmboe, mwalimu wake na rafiki yake. Chuo kilihofu kwamba Abel ni mdogo mno na kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawatamwelewa. Urafiki wao haukuvunjika. Abel akaishi kwa kufundisha wanafunzi majumbani, kisha mwaka 1828 akapewa kibarua cha kumshikia nafasi profesa aliyekwenda Siberia kupima nguvu za sumaku za dunia.

Katika umaskini huo aliandika kwa kasi ya ajabu, akishindana na Mjerumani Carl Jacobi katika uwanja mpya wa fanksheni za eliptiki. Makala zilitoka Christiania kwenda Berlin moja baada ya nyingine. Krismasi ya mwaka 1828 alisafiri kwa sleji katika baridi kali kwenda Froland, ambako mchumba wake, Christine Kemp, alikuwa mlezi wa watoto wa familia moja. Huko akaanza kutapika damu. Alilala kitandani wiki kumi na mbili, akafariki tarehe 6 Aprili 1829.

Siku mbili baadaye Crelle aliandika kutoka Berlin barua ya furaha: baada ya kuhangaika miaka kadhaa, amempatia Abel kazi ya uhakika katika mji huo. Mwezi uliotangulia Jacobi alikuwa ameshawauliza Wafaransa inakuwaje nadharia kubwa namna ile ipotee mikononi mwa Akademia yao. Maandiko yakapatikana kwa Cauchy. Mwaka 1830 Akademia ikatoa tuzo yake kuu kwa Jacobi na Abel kwa pamoja, wakati Abel alikuwa kaburini zaidi ya mwaka. Yale maandiko ya Paris yalichapwa mwaka 1841, kisha nakala asilia ikapotea tena, mpaka mwanahisabati wa Norway, Viggo Brun, alipoikuta kwenye maktaba moja ya Florence mwaka 1952.

Ahadi ya mfalme

Ilipotimia miaka mia tangu kuzaliwa kwa Abel, mwaka 1902, Norway ilikuwa ndani ya muungano na Uswidi, chini ya Mfalme Oscar II. Wanorway walitaka kuionyesha Ulaya kwamba nao ni taifa lenye watu wake wakubwa. Kamati ya sherehe, ambayo mvumbuzi wa ncha za dunia Fridtjof Nansen alikuwa mmoja wa wakuu wake, ilikuwa na mambo matatu: sherehe yenyewe, sanamu, na tuzo ya kimataifa. Mfalme Oscar, aliyeipenda hisabati tangu ujana wake, alikubali kugharimia tuzo. Sylow na Carl Størmer wakaandika kanuni zake.

Sherehe ilifanyika. Sanamu nayo ilipatikana: mchongaji Gustav Vigeland aliifanya kwa namna yake, kijana uchi aliyesimama juu ya maumbo mawili yanayoruka angani, na mwaka 1908 ikasimamishwa katika bustani ya ikulu. Tuzo haikuonekana. Tarehe 7 Juni 1905 bunge la Norway lilitangaza kwamba muungano umekwisha. Katika kura ya maoni ya Agosti, watu 368,208 waliunga mkono kutengana, 184 tu wakakataa. Oscar akaacha kuwa mfalme wao, na hapakuwa na Mnorway wa kumkumbusha ahadi. Nansen alisema kwa mzaha wenye uchungu kwamba tuzo ya Abel iliyoahidiwa na mfalme mwema ilipaa mbinguni pamoja na muungano. Nchi changa, maskini kwa viwango vya Ulaya ya wakati ule, ilikuwa na mambo mengine ya kulipia.

Medali ya vijana

Pengo likasubiri mtu mwingine. Mkanada John Charles Fields aliandaa kongamano la kimataifa la wanahisabati mjini Toronto mwaka 1924. Wajerumani hawakualikwa, kwa sababu majeraha ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalikuwa bado mabichi, na jambo hilo lilimkera. Fedha za kongamano zilipobaki, Fields alipendekeza zitumike kwa medali isiyobeba jina la nchi, la taasisi wala la mtu yeyote. Alifariki Agosti 1932, wiki chache kabla ya kongamano la Zürich kulikubali wazo lake. Wenzake wakaipa medali jina lake, kinyume kabisa na matakwa yake.

Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na kongamano la mwaka huo lilifanyika Oslo, mji wa Abel. Waliopokea ni Lars Ahlfors wa Ufini na Jesse Douglas wa Marekani. Ahlfors alikuja kuiona faida ya medali hiyo kwa vitendo: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipokuwa anahama Ufini kwenda Uswisi bila fedha, aliiweka medali ya dhahabu rehani ili apate nauli. Baadaye rafiki zake walimsaidia kuikomboa.

Fields alitaka medali imtambue mtu kwa aliyoyafanya na kumhimiza aendelee. Kutokana na hilo ukazaliwa utaratibu wa kuwapa wenye umri usiozidi miaka 40, mara moja kila miaka minne. Ni heshima kubwa, lakini hisabati ina watu wanaokomaa taratibu. Andrew Wiles alifanya kazi peke yake kwa miaka saba juu ya tatizo la Fermat lililodumu zaidi ya karne tatu, akatangaza uthibitisho mwaka 1993, kosa likaonekana, akalirekebisha mwaka 1994 kwa msaada wa Richard Taylor. Wakati huo alikuwa ameshapita miaka 40. Mwaka 1998, mjini Berlin, alipewa kibao cha fedha cha heshima badala ya medali.

Ndipo zikaja tuzo za kuangalia maisha mazima. Ricardo Wolf, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Cuba na kutajirika kwa ugunduzi wa kutoa chuma kwenye mabaki ya kuyeyusha madini, alikuwa mjumbe wa Cuba nchini Israeli mpaka nchi hizo zilipovunja uhusiano mwaka 1973. Tuzo za Wolf zilianza mwaka 1978, hisabati ikiwa kati ya fani zake. Uswidi ikafuata mwaka 1982 kwa tuzo ya Crafoord, iliyowekwa kwa makusudi katika fani zilizoachwa na Nobel, na mwaka 2004 Hong Kong ikaanza kutoa tuzo ya Shaw. Hakuna hata mojawapo iliyokuwa na jina la Abel.

Safari hii haikuanguka

Mwandishi Arild Stubhaug alichapisha mwaka 1996 kitabu kikubwa cha maisha ya Abel. Miaka minne baadaye alizungumza na Tormod Hermansen, mkurugenzi mkuu wa kampuni ya simu ya Telenor, juu ya ile tuzo iliyokwama tangu enzi za Lie. Hermansen hakuwa mwanahisabati, lakini alijua milango ya serikali inavyofunguliwa. Wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Oslo wakaunda kikundi kazi, na Mei 2001 pendekezo likafika kwa Waziri Mkuu Jens Stoltenberg.

Norway ya 2001 haikuwa ile ya 1905. Mafuta ya Bahari ya Kaskazini yalikuwa yameifanya kuwa miongoni mwa nchi tajiri kuliko zote. Tarehe 23 Agosti, Stoltenberg alisimama chuoni na kutangaza mfuko wa krona milioni 200. Wiki chache baadaye chama chake kikashindwa uchaguzi, na Oktoba akatoka madarakani. Hapa ndipo historia ingeweza kujirudia. Lakini ahadi hii, tofauti na zile za Lie na Oscar, haikuwa ya mtu. Ilikuwa imeshaingia katika taratibu za dola, na serikali mpya ya Kjell Magne Bondevik ikaendelea nayo. Mfuko ukaanza tarehe 1 Januari 2002, mwaka wa miaka mia mbili ya Abel.

Tarehe 3 Juni 2003 Mfalme Harald V alimkabidhi tuzo ya kwanza Mfaransa Jean-Pierre Serre, akiwa na miaka 76. Serre alikuwa mtu wa mfano: mwaka 1954, akiwa na miaka 27, alipata medali ya Fields, na mpaka leo hakuna aliyeipata akiwa mdogo kuliko yeye. Fedha za tuzo zilikuwa krona milioni 6; baadaye ziliongezwa hadi milioni 7.5. Washindi huchaguliwa na kamati ya wanahisabati watano kutoka mataifa mbalimbali, chini ya Akademia ya Sayansi na Fasihi ya Norway. Jina hutangazwa Machi, na sherehe hufanyika Mei. Mshindi huweka shada la maua kwenye sanamu ya Vigeland kabla ya kupokea tuzo.

Kanuni hazidai kwamba mshindi awe mzee. Uzee huja wenyewe, kwa kuwa uzito wa nadharia huonekana baada ya miongo. Yves Meyer, aliyezaliwa Ufaransa na kukulia Tunis, alipata tuzo mwaka 2017 kwa nadharia ya mawimbi madogo. Safari yake katika uwanja huo ilianza miaka ya 1980, aliposubiri zamu kwenye mashine ya kunakili na mwenzake akamwonyesha makala ya wataalamu wa Marseille. Leo nadharia hiyo inatumika kubana picha na kuhifadhi alama za vidole, na ilisaidia kuchuja ishara za mawimbi ya mvutano yaliyonaswa mwaka 2015. Wiles naye akaitwa Oslo mwaka 2016, miaka 22 tangu aliporekebisha uthibitisho wake.

Kusubiri kuna hatari zake. Mwaka 2015 tuzo waligawana Louis Nirenberg, mwenye miaka 90, na John Nash, mwenye 86, kwa kazi zilizoanzia miaka ya 1950. Nash alikuwa amepoteza miongo kwa maradhi ya akili, akapona, na mwaka 1994 akapata Nobel ya uchumi. Alipokea tuzo ya Abel Oslo tarehe 19 Mei. Tarehe 23 Mei, akitoka uwanja wa ndege kurudi nyumbani New Jersey, teksi ilipata ajali, akafa pamoja na mkewe Alicia. Maryam Mirzakhani wa Iran, mwanamke wa kwanza kupata medali ya Fields, mwaka 2014, alifariki kwa saratani mwaka 2017 akiwa na miaka 40. Karen Uhlenbeck wa Marekani ndiye mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Abel, mwaka 2019, baada ya washindi wengine 19 ambao wote walikuwa wanaume. Hapo kucheleweshwa hakukuwa kazi ya kifo.

Deni limelipwa kwa nani?

Tuzo ya Abel haitolewi kwa marehemu. Kwa kanuni zake yenyewe, Abel asingeipata. Na hata kama tuzo ingekuwapo mwaka 1829, yeye akiwa bado hai, kamati isingemfikiria kijana wa miaka 26 ambaye kazi yake bora ilikuwa imelala kwenye karatasi za Cauchy. Alichokosa hakikuwa medali wala shada la maua. Alikosa mshahara, daktari, na mwamuzi wa kusoma alichoandika kwa wakati.

Heshima ya maisha mazima haiwezi kumpa mtu vitu hivyo, kwa sababu humfikia aliyekwisha kuvuka mto. Kazi yake ni nyingine: kuionyesha jamii kile ambacho haikukiona kilipokuwa kinaota, na kuipa serikali sababu ya kuilipia hisabati ambayo bado haina mteja. Norway inaonekana ililielewa hilo, kwani fedha za Abel hazikuishia kwa washindi. Katika miaka ya mwanzo zilisaidia tuzo ya Ramanujan, inayotolewa na kituo cha ICTP cha Trieste kwa wanahisabati vijana wa nchi zinazoendelea. Zimegharimia pia mpango wa Umoja wa Kimataifa wa Hisabati wa kuwawezesha watafiti wa nchi hizo, za Afrika zikiwemo, kwenda kufanya kazi na wenzao kwenye vyuo vya nje, kama vile Abel alivyohitaji nauli ya kwenda kwa Crelle.

Na tangu mwaka 2005 kuna tuzo nyingine, ndogo kwa fedha, inayotolewa kila mwaka kwa mwalimu wa hisabati wa shule za Norway. Inaitwa kwa jina la Bernt Michael Holmboe. Kati ya tuzo zote zilizotajwa hapa, hiyo ndiyo inayomheshimu mtu aliyefika mapema.